Kengele ya Stoo ya Taulo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza alfajiri na kengele ya moshi imeshalia mara tatu, zote bure. Lipo daftari la kazini la kuandikia mambo haya, lakini lile Meneja hulisoma, na ninayoyafikiria kuhusu watu wa kiwanda hiki hayafai kusomwa na mmoja wao. Basi nimenunua hili.

Mimi ni fundi umeme wa kiwanda cha kufua nguo. Mashuka ya hospitali, vitambaa vya meza vya hoteli, taulo za kila aliyejifuta. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Kazi yangu ni mashine zizunguke na watu wasiungue, na kati ya hao wawili, mashine ndizo zinazosikia la kuambiwa.

Jumatano, 5 Machi

Kengele sita, kofia sita.

Mashuka ya hoteli huja na takataka za wageni ndani yake: soksi, vitana, na zile kofia za plastiki za kuogea zenye mpira pembeni. Wakunjaji huziokota na kuziweka kwenye sanduku. Leo nimeinua macho nikakuta kila kengele ya darini imevishwa kofia, imekaa kama bibi anayeelekea bafuni. Nimeuliza nani kafanya. Watu ishirini na tano, na hakuna mwenye mikono.

Aliyenijibu ni mkuu wa wakunjaji, mama wa makamo tunayemwita Mama Mikunjo. "Fundi, usitukasirikie. Ikilia tunashuka ngazi mbio, tunakuta mvuke. Tunapanda. Hata hatujakaa, inalia tena. Sisi tuna miguu, hatuna magurudumu."

Nikamwambia kosa si la kengele, kosa ni la anayefungua mashine kabla mvuke haujapungua. Akaitikia, "Sawa, fundi," kwa ile sauti ya kumridhisha mtoto. Nimezivua zote sita.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Kengele nne bure. Kofia tatu zimerudi.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimewakusanya wote ukumbini nikawapa somo, huku nikijua natwanga maji.

Nimewaeleza kwamba kengele za moshi ziko za aina mbili, na kwa kuwa hawashiki majina nikazipa majina ya mwilini. Ya kwanza ni Jicho. Ndani yake mna chumba kidogo cheusi, taa inayomulika upande mmoja, na jicho lililogeuzwa lisiione taa hiyo. Moshi ukiingia, chembe zake zinautawanya mwanga, mwingine unalipiga jicho, kengele inalia. Jicho huwahi moshi mnene, ule wa kitu kinachoungua polepole bila mwali: godoro, nguo, pamba. Ubaya wake ni kwamba hata mvuke na vumbi la pamba huutawanya mwanga, kwa hiyo mahali kama hapa Jicho linalia hovyo.

Ya pili ni Pua. Ndani mna punje ndogo sana ya madini yenye mnururisho, inayoifanya hewa ipitishe umeme kidogo. Chembe za moshi zikiingia zinaupunguza umeme huo, kengele inalia. Pua hushtuka upesi kwa chembe ndogo zisizoonekana, zile za moto wa mwali: karatasi, mbao, mafuta ya taa. Moshi mzito wa kufukuta huchelewa kuunusa, wakati mwingine hata nusu saa.

Mpiga pasi akauliza kama Pua nayo hupata mafua. Wakacheka mpaka wengine wakaketi chini. Hiyo ndiyo faida ya somo langu.

Swali jingine liliulizwa na mkwe wangu, ambaye ndiye anayeendesha mashine za kukaushia. Nina binti mmoja tu duniani, mwenye akili zake timamu, na katika wanaume wote akamchagua huyu anayefikiri neno moja kwa saa. "Mama," akasema, "hapa kwetu moto ukija, utakuja wa namna gani?"

Nikamwambia arudi kwenye mashine zake.

Jumatano, 19 Machi

Nimemtazama mkwe wangu akifanya kazi, nikaona haya kwa niaba ya binti yangu.

Taulo zikishakauka, hazitoi. Anazima joto na kuliacha pipa lizunguke na hewa baridi dakika kumi nzima, yeye kasimama kiganja juu ya kioo. Akizitoa anaingiza mkono katikati ya lundo, anasikiliza kwa vidole kama daktari, ndipo anaruhusu zipandishwe kukunjwa. Wakati huo marobota yaliyolowa yamejaa mpaka mlangoni, maana kwa mvua hii hakuna anayeanika kwake, mji mzima unatuletea sisi.

"Unangoja nini?" nikamuuliza.

"Zipoe, mama."

"Unaogopa zitakuunguza?"

"Si mimi," akasema, akarudisha kiganja kwenye kioo.

Mchana nilikuwa ofisini kwa Meneja, nikatia chumvi kidogo. Nilisema mkwe wangu anatumia theluthi ya siku kuziombea mashine dua. Meneja huyu kila ombi langu hulijibu kwa neno "baadaye", ndiyo maana tunamwita Bwana Baadaye. Leo alicheka hadi akavua miwani kuifuta.

Alhamisi, 20 Machi

Ajabu ya mwaka. Bwana Baadaye ametenda jambo siku ya pili yake. Amebandika tangazo ukutani: kupoza ni marufuku, taulo zitoke mara zinapokauka. Mkwe wangu amelisoma mara mbili, hakumuuliza mtu. Sijasema limetoka wapi.

Alhamisi, 27 Machi

Kengele ya stoo ya taulo imelia mara tano leo. Hii ndiyo inayonitia wazimu kuliko zote.

Niandike vizuri jinsi palivyo, maana kichwa changu kimechoka. Wakunjaji wako ghorofani, kumi na wanne, na ngazi ni moja tu. Chini ya ngazi hiyo, mlango kwa mlango, ndipo ilipo stoo ya taulo zilizokwisha kunjwa. Binti yangu anakunja huko juu, na ana mimba ya miezi saba. Kila Jicho la stoo linapolia kwa ajili ya vumbi la pamba, anashuka ngazi zile kashika ukuta kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine. Mara ya nne aliteleza. Mama Mikunjo alimdaka kwapani.

Mara ya tano hakushuka kabisa. Nilipopanda kumgombeza alikuwa amelala juu ya mashuka, miguu imevimba. "Mama, kama ni moto, njoo unichukue. Kama ni vumbi, niache nilale."

Nimeshuka, nimeliondoa Jicho la stoo, nimefunga Pua. Pua haibabaiki sana na vumbi wala mvuke. Najua inachelewa kwa moshi wa kufukuta, nimelisema mwenyewe mbele ya watu. Lakini miaka kumi na tisa humu ndani nimezima mioto miwili, na yote miwili ilikuwa ya mwali, ya waya. Najua jengo langu. Nikawatangazia wote: kengele mpya ya stoo haidanganyi. Ikilia, ni moto. Isipolia, kaeni mle chakula chenu.

Jumatano, 2 Aprili

Stoo kimya. Hakuna kofia hata moja darini. Inawezekana hata wapumbavu wakafugika.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekula chakula cha mchana kwa binti yangu. Chumba kimoja na sebule, kila kitu mahali pake, kazi ya mkono wa mwanangu, si ya yule. Mkwe wangu alipika na kuosha vyombo, akidhani nitavutiwa.

Alipokaa alisema, "Mama, taulo za nyumba za masaji zinanitia wasiwasi. Mafuta hayatoki yote. Zikitoka na moto wake zikakunjwa, zikabanwa rafuni, siku ya pili ukiingiza mkono katikati ni moto kuliko jana."

Nikamwambia taulo haina jiko tumboni.

Akasogeza sahani yake. "Na kengele ya stoo siku hizi ni Jicho au Pua?"

"Ni yangu," nikasema. Binti yangu akanitazama, kisha akamwongezea mumewe maji. Nimeondoka mapema. Mtu hajui hata kutengeneza swichi, ananihoji mimi kengele.

Ijumaa, 11 Aprili

Mkwe wangu amekamatwa akipoza kwa siri, mlango wa mashine ameuegemea kwa mgongo. Amepewa barua ya onyo. Mpiga pasi amesema angalau sasa ana kitu cha kusoma. Nami nilicheka.

Jumanne, 15 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianze na saa.

Saa saba kasoro kumi mchana nilikuwa kwenye chumba cha umeme upande wa pili wa uwanja, mvua inapiga bati, sisikii hata mawazo yangu. Nikaona watu wanatoka mlango mkubwa, wamejifunika midomo kwa vitambaa. Kwanza nilikasirika. Nikafikiri wameanza mchezo mpya. Kisha nikaona moshi unaotoka nyuma yao. Haukuwa mweusi wala wa kupanda juu. Ulikuwa mweupe wa manjano, mzito, unatambaa kimo cha kifua kana kwamba umechoka.

Nikakimbia ndani. Chini ya ngazi sikuona mkono wangu. Nikapiga kelele jina la binti yangu, nikameza moshi, nikakohoa hadi nikapiga magoti. Mtu akanipita kutoka juu, akanisukuma kwa goti bila kusema samahani. Alikuwa mkwe wangu. Binti yangu alikuwa mikononi mwake, amefunikwa shuka lililolowa kuanzia kichwani. Nikamfuata kwa kushika shati lake.

Uwanjani Mama Mikunjo alikuwa anahesabu watu wake kwa kuwagusa vichwa, mmoja mmoja, mvuani. Kumi na wanne. Akahesabu upya. Kumi na wanne.

Hapo ndipo kengele ya stoo ilipolia.

Sote tuliisikia. Moto ulikuwa umepata hewa na kuwaka mwali, na Pua yangu imetambua mwali kama ilivyoumbwa, upesi, bila kosa, watu wote wakiwa nje. Wazimamoto walipofika, nusu ya stoo ilikuwa imekwisha.

Nimesimuliwa yaliyotangulia. Mkwe wangu alikuwa anapita na kigari, akasikia harufu ya nguo iliyoachiwa pasi. Akagusa mlango wa stoo, akaufungua kidogo. Moshi umejaa toka dari hadi kiunoni, na juu, anasema, aliona taa ya kijani ya kengele ikimetameta, kimya. Akaufunga mlango na kupanda ngazi. Aliteremsha wengine kwanza kwa sababu walikuwa wameziba njia, na mkewe hakuweza kwenda mbio. Aliniambia hivi bila kujitetea, kama anayeeleza jinsi ya kupakia mashine.

Mama Mikunjo ndiye aliyenimaliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za gari la wagonjwa na blanketi mabegani.

"Harufu tuliisikia tangu saa sita na robo," akasema. "Mwanao akasema tushuke. Mimi nikamwambia, kaa upumzike, kengele ya fundi haijalia."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, watu wale walinisikiliza.

Jumatano, 16 Aprili

Hospitali. Mapafu ya binti yangu yameingia moshi mwingi, anawekewa oksijeni. Mapigo ya mtoto yapo. Muuguzi amesema yapo, nimemuuliza mara nne, ya nne alinijibu akiwa ameshanipa mgongo. Wanataka kumwangalia siku kadhaa. Hawezi kuongea. Anaminya vidole vya mumewe, na mimi nakaa upande wa miguuni.

Alhamisi, 17 Aprili

Kiwanda kimefungwa. Bwana Baadaye ametuita mmoja mmoja kwenye ofisi inayonuka masizi. Mkaguzi wa bima anakuja Jumanne, naye Meneja anataka mtu wa kumkabidhi.

Kwenye sakafu ya stoo ameokota plastiki iliyoyeyuka, kidonge cheusi. Anasema ni kofia ya kuogea. Inaweza kuwa kofia, inaweza kuwa mfuniko wa ndoo. Anasema kengele ilichelewa kwa sababu ilifunikwa, na aliyekuwa na barua ya onyo kwa ukaidi ni mmoja.

Mkwe wangu aliitwa ndani. Nilikuwa nimesimama korido, mlango haufungiki vizuri siku hizi.

"Ulifunika kengele?"

"Andikeni mnavyoona," akasema.

"Nakuuliza, ni wewe?"

"Nimeshasema. Andikeni."

Kengele ile haikuwa na kofia. Yeye mwenyewe aliiona taa ya kijani. Kofia zile zina maua, huwezi kuona taa ndani yake. Na mimi niliyasikia yote nikiwa na bisibisi mfukoni, nikaondoka kwa kunyata kama mwizi wa kuku.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilimvizia mkwe wangu nje ya wodi alipokwenda kuchota maji. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Sikumuuliza kwa upole, sijui kuuliza kwa upole.

"Mama, mimi nikifukuzwa nitapata mashine nyingine ya kuzungusha," akasema. "Lakini mke wangu akijua uliondoa Jicho ukaweka Pua, atakosa mama. Na amebakiza wiki chache ajifungue. Atakuhitaji."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ya chakula. Uliponiambia ni yako."

Nilitaka kumtukana. Nilitafuta tusi, na mimi si mtu wa kukosa tusi. Mtu niliyemwona hana akili alikuwa amefikiria mimba, mke, mama mkwe na kazi yake, akavipanga kwa zamu, na yeye akajiweka mwisho. Mimi siku ile nilifikiria jambo moja tu, na hilo moja nililikosea.

Nilichukua ndoo ya maji nikambebea. Hakuniachia, tukaibeba wawili, maji yakatumwagikia miguuni.

Jumanne, 22 Aprili

Mkaguzi ni mwanamke mfupi mwenye buti za mvua. Hakuuliza habari za kofia. Alichimba taulo zilizobaki kwa koleo, akaonyesha rundo ambalo nje ni jeupe na katikati ni mkaa. Alisema pamba yenye mafuta, ikibanwa ikiwa na joto, hujizidishia joto yenyewe mpaka ianze kufukuta, na hufukuta masaa bila mwali. Maneno ya mkwe wangu, ila yeye ana cheti.

Kisha akaishika kengele iliyoungua upande mmoja, akaigeuza nyuma, akasoma. "Nani amefunga ya aina hii kwenye stoo ya pamba?"

Bwana Baadaye akaanza kueleza habari za kofia. Mkwe wangu alikuwa anatazama sakafu.

"Mimi," nikasema. "Haikufunikwa. Nilitoa iliyofaa nikaweka isiyofaa, nikijua tofauti. Niliwaambia watu waiamini."

Mkaguzi akaandika. Akauliza kwa nini. Nikasema ile ya kwanza ilikuwa inalia hovyo na binti yangu alikuwa anachoshwa na ngazi. Akaniuliza kwa nini sikufunga zote mbili pamoja, au ile ya kupima joto, au kusafisha tu vumbi kila wiki. Ni kazi ya nusu saa, ningemcheka fundi mwingine yeyote kwa kutoifanya.

Nimesimamishwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Bwana Baadaye hakusema baadaye.

Jumatano, 23 Aprili

Binti yangu anaongea sasa, sauti inakwaruza. Nimemweleza habari ya kengele mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine. Nilisimama wakati wa kueleza, maana niliona sistahili kiti. Nilimweleza kwamba nilitaka asishuke ngazi. Alinisikiliza macho yapo kwenye dirisha.

Nikadhani nimemaliza. Nikahisi hata wepesi kidogo kifuani, nikaanza kumkunjia khanga zake.

"Na ile ya kupoza," akasema. "Meneja hajawahi kukanyaga kwenye mashine za kukausha. Nani alimwambia?"

Mumewe akasimama. "Acha, pumzika."

"Namuuliza mama."

Ningeweza kusema sijui. Mpiga pasi anasema lolote juu ya mtu yeyote, ningesema ni yeye, ningeaminika. Khanga ilikuwa mikononi mwangu, nimeshaikunja mara mbili.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisema kwa mzaha. Nilitaka Meneja acheke."

"Alicheka?"

"Alicheka."

Akafumba macho. Baada ya muda akasema kwa upole kabisa, upole ambao hakuurithi kwangu, kwamba anataka kulala, na kwamba khanga niiache hapo.

Mkwe wangu alinisindikiza hadi geti la hospitali. Getini nikamwomba msamaha. Nilisema neno zima, samahani, kwa mtu ambaye kwa miaka mitatu nilikuwa nikimtaja kwa kumnyooshea kidevu tu.

"Nimekusikia, mama," akasema. "Lakini wa kuombwa yuko ndani. Leo hataki. Njoo kesho."

Nikamuuliza, na kama kesho pia hatataka?

Akafikiri, kwa ile taratibu yake ambayo zamani ilinichefua, nami nikamngoja mpaka akamaliza.

"Basi utakuwa umekuja," akasema.